Wingu Juu ya Eneo la Kumi na Saba

Machi 3

Nimerudi kazini. Miaka miwili ya kustaafu imenitosha. Nimemwagilia maua yangu hadi yakaoza mizizi. Ofisi ya maji imeniita kwa mkataba wa msimu mmoja wa mvua, na meza waliyonipa ni ileile niliyoiacha, ila palipokuwa na ubao wangu wa kuchorea sasa pana kompyuta. Rula yangu ya chuma niliikuta kwenye droo. Nikaiweka mezani, na kabla ya mchana nilikuwa nimeshapewa jina: Mama Rula.

Msimamizi wetu ni kijana anayeweza kuwa kitinda mimba wangu. Asubuhi, mchana na jioni anazungumzia pikseli, vile vitone vidogo vinavyounda picha, basi na sisi tumembandika jina hilohilo. Pikseli ameagiza kila mtu awe na daftari la kazi. La kazi nimeandika mistari miwili. Hili ni langu mwenyewe.

Kazi ni hii. Setilaiti inapita juu yetu kila baada ya siku nane, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Inapiga picha, na kesho yake picha inatufikia. Sisi tunachora kila paa tunaloliona. Kuna maeneo ishirini na manne yanayogombea bomba jipya la maji. Eneo lenye mapaa arobaini au zaidi linaingia kwenye orodha. Likipungua hapo, lisubiri mradi mwingine, na mradi wa mwisho kabla ya huu ulikuwa miaka kumi na moja iliyopita. Orodha inafungwa Mei 20.

Nikauliza kwa nini tusiende tukahesabu nyumba kwa miguu yetu.

"Mama, safari iliyopita walihesabu kwa miguu," akasema Pikseli. "Orodha ikawa na nyumba hewa sitini. Nyingine za marehemu. Wafadhili wakasema basi tena. Safari hii, kisichoonekana kwenye picha hakipo."

Nikauliza pia ni nani mwenye akili timamu anayepiga picha za angani wakati wa mvua. Akasema mkataba ulikuwa usainiwe kiangazi, ila wakubwa walibishana nani atangulie kuweka sahihi.

Eneo la kumi na saba ni bonde analokaa dada yangu. Hilo sikumwambia mtu.

Machi 7

Picha ya kwanza. Maeneo karibu yote safi, mapaa yanaonekana hadi mabati yaliyoshika kutu. Eneo la kumi na saba lina wingu. Limekaa juu ya bonde kama kifuniko cha sufuria.

Machi 10

Mvua. Mapaa mia mbili na kumi ya eneo la tatu. Macho yananiwasha.

Machi 15

Picha ya pili. Wingu lipo palepale. Pembeni kuna tundu dogo lenye mapaa matano, nikaliacha. Nasubiri picha kamili. Picha za zamani tunazo, lakini ni za miaka mitatu nyuma, na tumekatazwa kuzitumia. Wakati ule bondeni zilionekana nyumba kumi tu; wengi wamehamia baadaye.

Machi 16

Leo nimempigia Dada simu.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Nani kafa?"

Nikamwambia hajafa mtu. Sikumlaumu kwa swali lake, maana simu zetu ni za sikukuu na misiba. Miaka sita iliyopita, siku tuliyomzika shemeji, nilifika kwa gari la ofisi nikiwa nimechelewa, nikakaa saa moja, nikaondoka na gari hilohilo kwa kuwa kulikuwa na ramani ya kukabidhi. Dereva hata injini hakuzima. Dada alinisindikiza hadi mlangoni mwa gari akaniuliza, "Wewe umekuja msibani au umekuja kukagua?" Sijakanyaga bondeni tangu siku hiyo. Yeye alisema neno moja la uchungu. Miaka sita ya kuvuta mdomo ni yangu. Naandika hapa kwa kuwa hapasomwi na mtu.

Nikamweleza habari za bomba, mapaa arobaini na wingu. Nikamwambia, "Nakuangalia kutoka juu, ila sikuoni."

"Kutoka juu? Kwani wewe umewahi kuwa chini? Haya. Aliye juu mngoje chini. Siku ukishuka, njia ya kwangu ni ileile."

Nikauliza habari za bega. Miaka miwili nyuma aliteleza na ndoo kwenye njia ya kisimani, na tangu hapo mkono wa kulia hauinuki kupita kifua.

"Cherehani haihitaji mkono uende juu, kwa hiyo nashona," akasema. "Maji ndiyo yananishinda. Nabeba nusu ndoo, nakwenda mara mbili."

Baada ya kukata simu niliiona nusu ndoo hiyo siku nzima.

Machi 23

Lipo.

Machi 24

Dada kanipigia kuuliza kama wingu limeondoka. Nikasema halijaondoka, kila picha ina vitundu tu, huku mapaa matano, kule manne, na mimi nahitaji bonde zima.

Akacheka. "Mdogo wangu, mimi watu wananiletea vipande. Mguu wa suruali, nusu ya pazia. Huwa nawaambia nendeni mkalete kitambaa kizima?"

Miaka thelathini ya kuchora ramani, na viraka nimefundishwa na fundi cherehani.

Machi 25

Nimerudia picha zote tatu. Nimekata kila tundu la wingu na kuliweka mahali pake juu ya karatasi moja tupu ndani ya kompyuta. Pikseli alisimama nyuma yangu, mikono mfukoni. "Hii inakubalika, Mama," akasema. "Kwani nani kakufundisha?" Nikasema ni mtaalamu mmoja wa nje.

Mapaa kumi na moja.

Machi 31

Picha ya nne ina matundu makubwa. Mapaa ishirini na tatu sasa. Karibu na kijito kuna matatu ya bluu yaliyopangana vizuri, watu wa heshima hao. Na juu kidogo, kando ya kichaka cha miti, kuna paa moja dogo la bati jipya linalong'aa. Nakumbuka nyumba ya Dada ilikuwa hapohapo, juu ya kisima. Nimelichora taratibu kuliko mengine.

Aprili 3

Kabla ya kuanza kazi nafungua eneo la kumi na saba na kuliamkia lile paa. Mtu asinicheke.

Aprili 8

Thelathini na saba. Haba na haba.

Aprili 12

Umeme umekatika kutwa. Pikseli bila kompyuta ni mtu wa kawaida kabisa. Alituhadithia jinsi mama yake alivyouza maandazi kumsomesha. Nilikuwa nikimwona mjivuni. Nadhani ni woga tu, kijana amepewa kazi ambayo wenzake waliiharibu na anajua watu wanamsubiri ateleze.

Aprili 16

Arobaini na sita!

Nilihesabu mara tatu kwa rula juu ya kioo. Pikseli alipiga makofi, akaituma hesabu kwa mkaguzi wa wafadhili jioni ileile. Nikampigia Dada, nikamwambia aanze kufikiria bomba litapita wapi uani. Akasema, "Mungu akubariki," halafu kwa sauti ndogo, "na wewe uje unywe hayo maji." Nikasema nitakuja. Safari hii nilimaanisha.

Aprili 19

Mvua. Eneo la ishirini na mbili. Hakuna jipya.

Aprili 24



Picha ya leo ina uwazi mkubwa juu ya sehemu ya chini ya bonde, safi kuliko siku zote. Nikaifungua kwa furaha. Mapaa matatu ya bluu karibu na kijito hayapo. Pale yalipokuwa pana udongo mtupu, mwekundu. Mvua imenyesha siku mbili bila kupumzika, na bonde lile lina mteremko. Nilichofikiria ni kimoja tu: udongo umeporomoka, umekwenda na watu.

Nikampigia Dada. Simu ikaita hadi ikakatika. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu nilikuwa nimesimama na watu wote ofisini wananitazama. Mara ya nne akapokea.

"Dada! Uko salama?"

"Niko kwenye cherehani. Kuna nini mbona unahema?"

"Zile nyumba tatu za chini zimekwenda na udongo? Watu wametoka?"

"Nyumba gani?"

"Za bluu! Karibu na kijito, zimepangana!"

Nilisikia cherehani ikisimama.

"Mdogo wangu," akasema, "kule chini hapajawahi kuwa na nyumba. Ni uwanja wa kuanikia maharage."

"Maharage yana mapaa?"

"Yana maturubai. Jana uwanja ulikuwa tope tupu, hayakutandikwa."

Nikakaa. Kwanza nilishusha pumzi, hakuna aliyekufa. Kisha ndipo akili ikanirudia, na iliporudi ilikuja na habari mbaya. Msimu huu watu wa bondeni wanavuna maharage, na mvua haiwapi nafasi ya kuyakausha. Kwa hiyo wingu likifunguka tu na jua likachungulia, kila mtu anakimbilia nje na turubai lake. Na mimi, kwa mwezi mzima, nimekuwa nikikata pale tu wingu lilipofunguka. Nilikuwa nikichagua kwa uangalifu zile dakika ambazo bonde limejaa maturubai.

"Uliyahesabu?" Dada akauliza.

"Niliyahesabu."

Hakucheka. Afadhali angecheka.

Aprili 25

Tangu jana jioni nilibishana na nafsi yangu. Hesabu imeshatumwa. Wingu litarudi kesho kutwa, nani atajua? Dada atapata maji, na maturubai hayana mdomo. Lakini nyumba hewa ni nyumba hewa, hata ikichorwa na mtu anayempenda dada yake, na ikigundulika, bonde litafutwa lote pamoja na kijana wa watu. Nikapiga moyo konde, nikaingia ofisini kwa Pikseli kabla hajavua koti, nikamweleza habari ya maturubai.

"Mama, nimeshatuma arobaini na sita."

"Najua."

"Kwa mkaguzi."

"Najua, baba. Na kuna lingine. Dada yangu anakaa kule."

Akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu mno. Nilisubiri aniambie nichukue rula yangu niende nyumbani.

"Tufute," akasema. "Kilichoonekana kwenye picha mbili tofauti kinabaki. Kilichoonekana mara moja tu kinatoka."

Tukafuta pamoja hadi saa tisa. Yamebaki thelathini na manne. Akamwandikia mkaguzi yeye mwenyewe, akasema kosa ni la ofisi.

"Una haki ya kunikasirikia," nikamwambia.

"Nitakukasirikia wiki ijayo. Kesho tunakwenda bondeni. Si kuhesabu, ni kuona. Haiwezekani tujue kila paa la eneo hili na tusijue maharage."

Aprili 26

Mvua zimekata njia ya magari, kwa hiyo gari linaishia barabarani. Kutoka hapo ni kushuka kwa miguu dakika arobaini, na leo njia ilikuwa sabuni. Pikseli alivaa viatu vya ofisini; alianguka mara mbili, mimi mara moja, ila yangu ilikuwa kubwa. Tulipishana na wanawake wanaopandisha ndoo kichwani kwenye mteremko uleule. Kwenye picha njia hiyo ni uzi mwembamba wa kahawia. Nimewahi kuichora kwa sekunde tatu.

Dada alikuwa amesimama mlangoni. Amezeeka kidogo, na bega la kulia limeshuka. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu barabarani.

"Umeshuka," akasema.

"Nimeshuka."

"Vua viatu, umeniletea bonde lote miguuni."

Nikavua. Yale maneno yangu sikuyahitaji tena. Tulishikana hapo kizingitini hadi Pikseli akaanza kuusifia mti kwa kukosa pa kutazama.

Mti wenyewe ni mparachichi. Shemeji aliupanda mwaka waliohamia, na sasa umeifunika nyumba nzima, matawi yamelala juu ya bati hadi upande wa pili. Ndani kuna ubaridi mzuri. Cherehani iko dirishani, na pembeni ndoo mbili, zote nusu.

Pikseli akatoa kompyuta yake ndogo ya mkononi. Nikamwonyesha Dada lile paa langu la bati jipya. "Hapa ndipo kwako. Kila asubuhi nalisalimia."

Dada akachukua miwani ya kushonea, akainama, akatazama, akanitazama mimi.

"Hili ni banda la mbuzi la Mama Maharage."

Pikseli alicheka hadi akakohoa. Mama Maharage, jirani mwenye ule uwanja wa chini, akaitwa athibitishe, na akathibitisha kwa fahari: bati la mbuzi wake ni jipya kuliko la nyumba yake. "Kwa hiyo mwezi mzima mbuzi wangu wanaamkiwa na serikali," akasema, "na mimi mwenyewe hata salamu sipati!" Nikacheka nao, lakini moyoni niliona aibu. Nyumba ya dada yangu sikuwahi kuiona hata siku moja, na sikujua kwamba siioni.

Banda likafutwa palepale. Thelathini na tatu.

Kisha Dada akatuzungusha. Nyumba zilizofichwa na miti, pamoja na ya kwake, ni tisa. Ndani ya moja kulikuwa na watoto watatu wanafanya hesabu za shule sakafuni. Ndani ya nyingine mzee anafunga mifagio. Wote hao hawapo. Kwa miguu bonde lina nyumba arobaini na mbili. Kwa picha lina thelathini na tatu.

Pikseli aliutazama mparachichi kwa hamu. "Mama mkubwa, tungepunguza matawi ya juu tu..."

"Mwanangu, maji nayataka," Dada akasema. "Lakini huu mti ndio kofia ya nyumba hii, na aliyeivisha hayupo tena. Sitaivua kofia ili ipigwe picha."

Mama Maharage akaanza kulalamikia mvua na maturubai yake. Dada akamkatisha.

"Ngoja. Hiyo setilaiti yenu si inapenda maturubai? Basi tuipe maturubai."

Kila nyumba iliyojificha, akasema, itandike turubai mahali pa wazi mbele ya mlango, siku na saa ya kupita. Pikseli akaruka, akaongezea: yawe mawili, yapangwe kama herufi L, maana hakuna anayeanika maharage kwa herufi. Na kila mlango upigiwe alama kwa simu, mahali pake hasa, ili alama na L zilingane kwenye picha. Nyumba hewa haiwezi kutandika turubai. Alikuwa akiongea haraka, na kwa mara ya kwanza hakutaja pikseli.

Kabla ya kuondoka nilikwenda kisimani na ndoo ya Dada, nikaijaza hadi juu. Nilipumzika mara nne njiani. Dada alinitazama nikiitua, akanifungia maparachichi sita kwenye kitambaa.

Mei 2

Picha nyeupe tupu, kutoka kona hadi kona. Mkaguzi, tuliyemwandikia kuhusu zile L, hajajibu.

Mei 5

Amejibu! Anakubali, kwa masharti: L ionekane yote, alama ya simu iwe ndani ya hatua kumi, na nusu haihesabiki. Pikseli amechapisha barua hiyo na kuibandika ukutani. Tunahitaji L saba kati ya tisa. Siku zilizobaki ni mbili tu: Mei 9 na Mei 17.

Mei 9

Saa tatu Dada anasema kuna mawingu ila mepesi, na maturubai yameshatandikwa. Saa nne mvua. Watu wamesimama nayo hadi saa nne na nusu, wamelowa chapa.

Mei 10

Nyeupe. Sina la kuongeza.

Mei 12

Dada anasema watu wawili wamejitoa. Wamechoka kulowa kwa ajili ya herufi. Na maturubai hayatoshi. Yanahitajika kumi na manane wakati bonde lina kumi na sita, na mengine yana maharage yanayoanza kuota. Nikamwambia pole, nimewaletea matumaini ya bure.

"Wewe usianze," akasema. "Hao wawili nawaendea mwenyewe. Na turubai naweza kushona."

"Kwa kitambaa gani?"

"Kwani mimi ninakosa vipande?"

Mei 15

Wale wawili wamerudi. Mmoja alimwambia Dada amechoka, Dada akamjibu kwamba aliyechoka ni yeye Dada, anayebeba nusu ndoo. Pikseli haonekani kula mchana.

Mei 17

Saa mbili: mvua. Saa tatu: mvua. Ofisi nzima imeacha kazi na kujifanya inafanya kazi. Saa nne kasoro dakika kumi Dada akapiga.

"Kumefunga huku. Kisima sikioni."

"Mtandike hivyohivyo."

"Tumeshatandika. Ngoja... kuna mwanga upande wa..." Simu ikakatika, na haikupatikana tena kutwa.

Saa nne na dakika ishirini nilitoka nje, nikatazama juu. Mawingu hapa mjini yalikuwa yanakimbia, hapa jua, pale kivuli. Pikseli naye akatoka, akasimama kando yangu. Saa nne na dakika ishirini na moja tukarudi ndani.

Mei 18

Picha ilifika saa tano. Pikseli alisema, "Fungua wewe." Nikasema, "Nifungulie." Akafungua.

Wingu lipo. Lakini limechanika katikati kutoka juu hadi chini, na ndani ya mchaniko huo bonde linang'aa, limelowa, kijani kila mahali. Tukaanza na zile alama za simu, moja moja. Ya kwanza, L ya bluu, yote. Ya pili, ya rangi ya chungwa, yote. Ya tatu ndiyo ya mzee wa mifagio, na imepangwa kinyume, lakini ni L, hata kinyume ni L. Ya nne iko chini ya wingu. Nikauma mdomo. Ya tano, yote. Ya sita, yote. Ya saba, mkia umefichwa kidogo na ukungu. Tukaivuta karibu, tukaisogeza, tukaitazama kwa dakika tano nzima.

"Mkia upo," Pikseli akasema.

"Usinifariji."

"Mama, sikufariji. Hesabu kingo."

Nikaweka rula juu ya kioo, nikahesabu. Upo. Ya nane, yote. Thelathini na tatu, jumlisha saba.

Pikseli alikaa sakafuni, akiwa na suruali yake nzuri. Mimi nililia, na siandiki zaidi kuhusu hilo. Wenzetu wakaja, wakapiga kelele, mlinzi akaja kuuliza kuna moto wapi.

Tulikuwa tumeshafika arobaini. Ya tisa ni ya Dada, nami nilikuwa nimeiacha mwisho kwa makusudi, kwa kuogopa. Watu walipotawanyika nikaifungua peke yangu.

Mkono mmoja wa L ni turubai la kawaida. Mwingine ni rangi zote: nyekundu, nyeupe, bluu ya sare za shule, kitu cha njano ambacho lazima kilikuwa pazia. Haifanani na chochote nilichowahi kuchora. Na kando yake kuna kitone cheusi, na kutoka kwenye kitone kivuli chembamba kimelala kuelekea magharibi. Kuna mtu amesimama.

Arobaini na moja.

Mei 20

Orodha imefungwa. Maeneo kumi na tisa yamepita. La kumi na saba limo, na mkaguzi ameandika pembeni: "Utaratibu huu utumike na kwingine." Pikseli anataka nisaini mkataba wa pili. Nimesema nitafikiria, ila rula nimeiacha mezani.

Mei 22

Mvua imekwisha. Nimeanika nguo zote nilizonazo.

Jioni Dada amepiga, yeye mwenyewe.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Hajafa mtu."

Tukacheka. Akaniambia wapimaji wameshafika na vigingi, na bomba litapita nje ya mizizi ya mparachichi, amewasimamia mwenyewe.

"Siku ile jua lilipotoka nilipunga mkono. Mama Maharage akaniuliza nampungia nani, juu hakuna mtu. Uliniona?"

Nikaifungua picha, ingawa naijua kwa moyo. Kitone, kivuli. Upande mmoja wa kivuli kuna kitu kimetokeza, upana wa pikseli moja, kama si nusu. Kazini ningesema ni kijiti, au doa, na nisingekichora.

"Nilikuona."

"Muongo. Mkono gani?"

"Wa kushoto," nikasema.

Picha haikuniambia hilo, na hakuna picha ingeweza. Nililijua kwa sababu nilikaa naye mchana mzima nikimtazama akichukua kila kitu kwa mkono huo.



"Kumbe unaona," Dada akasema. Halafu akaniambia nikishuka mwisho wa wiki nimletee uzi mweupe, rola mbili kubwa, maana wake wote umeishia kwenye ile L.